Corrine Hanunui Sanduku Safi

Wifi yangu Corrine Tuttle haamini mvua mpaka imlowanishe. Ukimpa habari za asubuhi anakutazama kwanza, kama anayetaka kujua asubuhi hiyo umeitoa wapi. Kabla ya kuolewa na kaka yangu Wendell na kuja kukaa nasi huku Harlan Fork, alikuwa ofisi ya bima ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kutazama picha za mapaa ya watu wanaodai yametobolewa na mvua ya mawe. Yeye ndiye aliyekuwa anasema hili limetobolewa na mawe, hili limetobolewa na nyundo. Kazi aliiacha, macho akaja nayo.

Watoto wake watatu anawasomesha mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, kama wanavyofanya wengi hapa kwetu. Hilo nalo lilianza kwa shaka. Abilene, mkubwa wao, alipokuwa darasa la kwanza, alirudi nyumbani siku moja mwezi wa Novemba, karibu na Sikukuu ya Shukrani ya Marekani, na batamzinga wa karatasi aliyechorwa kwa kufuata vidole vya mkono wake.

"Mmejifunza nini?" mama yake akauliza.

"Wageni na wenyeji walikula pamoja, wakafurahi."

"Halafu?"

"Halafu basi, Mama. Kengele ikalia."

Corrine akamchukua yule batamzinga, akamgeuza nyuma, kana kwamba hadithi iliyobaki, ya wenyeji kunyang'anywa ardhi, imeandikwa huko. Mwaka uliofuata Abilene hakurudi shule. Amekaa kwenye ile meza mpaka kafika miaka kumi na minne. Mdogo wake Judson ana tisa. Pearl, wa mwisho, ana mitano, na kila kitu anachokishika kina gundi.

Masika haya Abilene aliweka kijiko chini katikati ya chakula cha jioni akasema, "Agosti mimi naenda sekondari ya kaunti."

Hata Pearl aliacha kutafuna.

"Kwa nini?" Corrine akauliza, ile sauti ya bima.

"Kwa sababu ya historia. Hisabati sawa, sayansi sawa. Lakini historia, Mama, mwaka huu nimebandika manyoya kwenye kofia. Mwaka jana nilibandika manyoya kwenye kofia ile ile, ila tuliiita ya jemadari mwingine. Siwezi kufika miaka ishirini ninabandika manyoya pamoja na Pearl."

"Mimi napenda manyoya," Pearl akasema.

"Tunajua, Pearl," Abilene akamwambia. "Mengine uliyala."

Kaka yangu Wendell si msemaji, lakini siku ile alikata shauri. Corrine atafute vifaa vipya vya historia ya Marekani, vya kushika kwa mikono, vitakavyowatosha wote watatu. Vikifika, Abilene avikague. Akiona vinamfaa, abaki. Akiona ni manyoya, aende zake shule, na pasiwe na maneno.

Watu wa mbali watasema, sasa tatizo nini? Mtoto kwenda shule si msiba. Kweli, si msiba. Lakini mimi naishi juu ya gereji yao tangu nilipoiacha diploma yangu ikiwa nusu, na dirisha langu linatazama jikoni. Nilimwona Corrine akisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Mtu akimlea binti meza moja miaka yote hiyo, kiti kile hakiwi kiti tu.

Basi akaanza kutafuta, na kutafuta kwa Corrine ni upelelezi. Kila kampuni inasema sanduku lake ni la "familia nzima, miaka mitano hadi kumi na minane". Corrine akisoma hivyo anacheka puani. "Kiatu kinachowatosha wote watatu, wifi, hicho si kiatu. Ni gunia."

Alikuwa na mtihani wake. Kitabu cha mwongozo hakifungui mwanzo. Anakwenda moja kwa moja kwenye utumwa. Akikuta habari za utumwa ni fupi kuliko maelezo ya kutengeneza kofia ya karatasi, anafunga. Akikuta wenyeji wanatabasamu kila picha, anafunga. Siku moja alifungua sanduku la jirani akakuta shamba la pamba la kadibodi la kukata na kukunja, na wanasesere wa kuchuma wakiwa wanaimba. Hakufunga. Aliufungua mlango wa mbele akamwonyesha yule jirani ulipo.

Mtihani wa pili ndio uliompa jina katika kikundi chetu cha akina mama wanaosomesha nyumbani. Kila Mei tunauziana vifaa vya zamani katika ukumbi wa kanisa, pale watoto wanapochezea mpira wa kikapu. Kila familia na meza yake. Corrine anapita meza kwa meza, na sanduku likiwa safi halinunui. Anasema, "Sanduku safi ni sanduku lililomchosha mtoto. Historia iliyofanywa kwa mikono lazima iwe na uchafu wa mikono." Basi ananusa kurasa. Anatafuta unga, rangi, gundi, chai. Na hanong'oni. Akisema "hili safi" mbele ya watu, mwenye meza anaweza kuanza kufungasha.

Mwaka huu nilimfuata nikiwa nimebeba mfuko. Tulipita meza kadhaa bila mkono wake kutoka mfukoni. Tukafika kwa Bi Lavonne Pickett, mwanamke mwenye watoto sita na kicheko kinachosikika mpaka maegesho.

"Corrine, mpenzi! Karibu unuse!"

"Hiki nini?"

"Makoloni mpaka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Vijana wangu wamekimaliza."

Corrine akainua kitabu cha mwongozo. Kilikuwa kimechakaa vizuri, kurasa zimevimba na kupinda, madoa ya kahawia huku na huku, na duara la kitako cha kikombe juu ya jalada. Akafungua utumwa. Akasoma akiwa amesimama, muda mrefu, mpaka watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Palikuwa na matangazo halisi ya wenye mashamba wakitafuta waliotoroka, na swali kwa wakubwa: tangazo hili linakuambia nini juu ya mtu aliyetoroka ambacho aliyeliandika hakukusudia kukuambia? Kwa wadogo palikuwa na furushi la kushona, kama lile alilobeba mtoro. Akarudi kwenye madoa. Akanusa. Nikauona uso wake ukilegea, kitu ambacho hakitokei hata siku ya Krismasi.

"Bei?"

"Dola arobaini, kwa sababu ni wewe."

"Kwa nini kwa sababu ni mimi?"

"Basi arobaini kwa sababu ni Jumamosi! Jamani, huyu!"

Akanunua. Njiani kwenye pikapu alilipakata sanduku lile mapajani kama keki ya harusi. Mimi niliendesha taratibu. Kumwona Corrine ameridhika ni kama kumwona paka anaogelea. Hutaki kumshtua.

Jioni hiyo hiyo, baada ya mkate wa mahindi na maharage, sanduku likawekwa mezani. Wendell akavuta kiti. Corrine akakunja mikono kifuani.

"Haya, mkaguzi," akamwambia Abilene. "Kagua."

Abilene akafungua. Kwanza akasoma lile swali la matangazo, na nikaona kinywa chake kikijibana kama cha mama yake. Akaendelea kufunua, mbele, nyuma, tena mbele. Akachukua mfuko wa udongo wa kufinyangia, akauminya. Akatoa karatasi za ramani za kukata. Kisha akainama akanusa ukurasa.

"Mama, hiki kitabu hakijawahi kutumika."

"Una wazimu. Tazama madoa."

"Natazama. Hapa wanasema tikisa maziwa kwenye chupa mpaka yawe siagi. Uliwahi kumwona Judson akitengeneza siagi?"

"Ilifika darini," Judson akasema kwa fahari.

"Ukurasa hauna hata tone la mafuta. Una chai. Huu wa biskuti za askari hauna chembe ya unga. Una chai. Udongo haujafunguliwa, ramani hazijakatwa hata moja. Watoto sita walisoma sanduku zima, hawakugusa chochote, ila kila baada ya kurasa chache walimwaga chai?"

Halafu Pearl, ambaye anajua fani moja tu duniani, akasema, "Kama barua yangu ya kizamani."

Hapo sote tukaelewa. Hakuna nyumba ya kikundi chetu isiyojua kuzeesha karatasi. Unapika chai nzito, unachovya, unakausha kwenye oveni ya moto mdogo, na mtoto anapata barua ya jemadari iliyoandikwa jana. Corrine mwenyewe ndiye aliyewafundisha akina mama wapya. Mtu aliyetambua nyundo kwenye mapaa ya watu alinunua kitabu kilichookwa.

Wendell akaanza kukohoa kicheko, akatazamwa, akapona.

"Amenijua," Corrine akasema taratibu. "Lavonne amenijua pua."

Alhamisi kikundi hukutana. Corrine aliingia ukumbini na sanduku kwapani, Abilene kushoto, mimi kulia kama shahidi. Bi Lavonne alikuwa anapanga viti. Alipotuona tu akakaa kwenye kimoja.

"Umeoka kitabu, Lavonne."

"Nimekioka," Lavonne akasema. Hata hakujitetea, na hilo lilimvuruga Corrine, maana alikuwa amejiandaa kwa uongo. "Niliogopa kitashika moto. Nyumba nzima ilinuka chai."

"Ulisema vijana wako wamekimaliza!"

"Wamekimaliza kwa kukikataa. Vijana wangu wanataka mpira, Corrine, hawataki makoloni. Nimekiweka mezani kikiwa safi Mei mbili zilizopita. Unapita, unasema 'hili safi' kwa sauti ya tarumbeta, watu wote wanatawanyika. Kitabu kizuri vile! Umewahi kuniuliza kama ni kizuri? Umeuliza kama ni kichafu. Nikasema haya, mwenzangu anataka uchafu, nimpe uchafu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wawili. Corrine akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Na kikombe?" akauliza. "Lile duara la kikombe?"

"Hilo la kweli. Nilichoka kusubiri oveni."

"Chukua hela zako, shoga," Lavonne akaendelea, akitafuta pochi. "Sikulala vizuri hata hivyo."

Corrine akaangalia sanduku. Akaangalia binti yake. Sheria ya Wendell aliikumbuka vizuri, na mimi pia: Abilene ndiye mkaguzi. Na sanduku lilikuwa limekamatwa na uongo mbele ya ukumbi mzima. Nilijua anachofikiri, kwamba ameshindwa, na kiti kitabaki kitupu Agosti.

"Sema," akamwambia Abilene. "Hapa hapa. Sitaki kusubiri mpaka nyumbani."

Abilene aligonga sanduku kwa kidole. "Sanduku zuri," akasema. "Lile swali la matangazo ni zuri. Sanduku tubaki nalo."

Bi Lavonne akairudisha pochi kabla hajamaliza sentensi.

"Na wewe?" Corrine akauliza. "Sikuuliza sanduku."

"Nitabaki mwaka huu. Kwa masharti." Akahesabu kwa vidole kama wakili. "Pearl na Judson washone na wafinyange wanavyotaka, mimi sigusi gundi. Mimi napewa maswali. Na kila kitu tunachoambiwa, kwenye hili sanduku au lingine, ninaruhusiwa kukifanyia kama nilivyofanya juzi. Kukitafutia chai."

"Hata nikikisema mimi?"

"Hasa ukikisema wewe."

Corrine akavuta pumzi kupitia puani. Sijui kama alifurahi au aliumia. Uso wake haujatengenezwa kwa mambo mawili pamoja. Akampa Abilene sanduku alibebe, jambo ambalo kwake ni sawa na kumpa mtu funguo za nyumba, akamwambia Lavonne kwamba Mei ijayo atapita mezani kwake na kioo cha kukuzia madoa. Lavonne akasema atamwekea kahawa badala ya chai.

Tulipofika kwenye pikapu, Abilene alipanda kiti cha nyuma na sanduku lake, ameshafungua ukurasa, midomo inacheza. Corrine alishika usukani, hakuwasha. Akawa anamtazama binti yake kwenye kioo. Nikasema moyoni, sasa atalia, na mimi sina leso.

Badala yake akainama kwangu, akanong'ona, "Wifi. Amekubali upesi sana."

"Corrine!"

"Miezi miwili anataka kuondoka, leo dakika moja tu anabaki. Nani mpya kwenye kikundi? Wale akina Yoder waliohamia juzi, yule kijana wao mrefu ana miaka mingapi?"

"Nakusikia, Mama," Abilene akasema kutoka nyuma, bila kuinua kichwa.

"Basi jibu."

"Kumi na mitano."

Corrine akawasha gari.