Gitaa la Mashoto

Fundi wa meno ya bandia ambaye kila mtu alimwita Mashoto alipiga gitaa kichwa chini miguu juu kwa miaka thelathini na mitatu, na hakuna siku aliyoona ajabu. Gitaa lilikuwa la mjomba wake, na mjomba alimruhusu kulishika kwa sharti moja tu: asiguse mpangilio wa nyuzi. Gitaa lilikuwa la watu wa mkono wa kulia, yeye ni wa kushoto. Basi akaligeuza, nyuzi nene zikawa chini, nyembamba zikawa juu, akajifunza hivyo hivyo. Mjomba alipofariki, gitaa likawa lake, lakini vidole vilikuwa vimeshakata shauri.

Aliyeona ajabu ni mkewe. Alikuwa katibu muhtasi wa shule, mwanamke ambaye hata kalamu mezani kwake zililala zikielekea upande mmoja. Kila jioni mumewe akikaa kwenye kochi na kuanza kupiga, alimtazama kama mtu aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na hana ndugu wa kumwambia. Nyimbo zilikuwa tamu, hilo hakulikataa. Ila alijiuliza: kama anapiga vizuri hivi kwa taabu, je, akipata linalomfaa?

Jibu lilimjia ofisini. Shule ilitaka kuagiza tarumbeta kwa posta, na duka la mbali likaleta katalogi nene yenye picha. Katika ukurasa wa arobaini na moja, pembeni kabisa, paliandikwa: magitaa ya watumiao mkono wa kushoto. Akajaza fomu siku hiyo hiyo, akaituma, akakaa wiki saba na siri yake.

Kifurushi kilipofika, kilikuwa kirefu kuliko kabati lolote la kukifichia. Akakisukumia chumbani kwa mama yake, aliyekuwa akiishi nao tangu magoti yalipokataa ngazi za kwake, akakilaza kitandani na kukifunika blanketi. Mama yake alikuwa mtu ambaye siri humtoka kabla hujamaliza kumpa.

Jioni, Mashoto akapita mlangoni, akaona umbo limelala gubigubi.

"Mama, una mgeni?"

"Mgeni gani?" mama mkwe akaruka. "Hakuna gitaa humu!"

Mashoto alikuwa mkwe mwenye adabu. Alisema, "Sawa, mama," akaenda zake, na kwa siku nne zilizobaki kabla ya siku yake ya kuzaliwa alijitahidi sana asijue kitu.

Siku alipotimiza miaka hamsini walikuja majirani wachache na daktari wa meno aliyefanya naye kazi. Sanduku likafunguliwa. Gitaa lilikuwa la rangi ya asali, linang'aa mpaka unajiona pua. Mashoto alilengwalengwa na machozi, na hayo hayakuwa ya kuigiza. Akalipakata, akapanga vidole kama alivyovipanga maisha yake yote, akapiga.

Ikatoka sauti ya viti vinavyoburutwa kwenye sakafu ya saruji.

"Nyuzi zimelegea safarini," akasema daktari.

Mashoto akakaza nyuzi moja moja, akajaribu tena. Safari hii viti viliburutwa kwa nguvu zaidi.

"Ni furaha," akasema, akificha mikono. "Vidole vinatetemeka."

Mkewe akalia kwa raha. Majirani wakapiga makofi. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeuliza, "Limekuja likiwa zima?" na bintiye akamkanyaga mguu.

Ukweli Mashoto aliujua palepale. Kila alichokijua kilikuwa kwenye vidole, na vidole vilijifunza dunia iliyopinduliwa. Kumpa gitaa la mashoto ilikuwa kama kumwambia arudi nyumbani kwa kutembea kinyumenyume. Lakini utamwambiaje mwanamke aliyekununulia kitu kwa machozi? Akalificha gitaa la mjomba nyuma ya kabati, akawa anabeba jipya kwenda nalo kazini, ajifunze upya wakati wa chakula cha mchana.

Karakana yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya kliniki, rafu zimejaa taya za plasta zinazokukenulia meno kutoka kila upande. Alipiga mbele ya taya hizo wiki tatu. Hakufika popote, ila kulia na kushoto vilianza kumchanganya hata kazini. Dereva mmoja wa lori alirudi ameshika mdomo.

"Fundi, chonge la kushoto umeliweka kulia."

"Haiwezekani."

"Ulimi wangu unajua kwake, fundi."

Mashoto akatazama. Ulimi wa dereva ulisema kweli.

Nyumbani nako kulikuwa kimya. Mkewe alingoja nyimbo, akaambiwa kila jioni kwamba gitaa jipya linataka kuzoewa. Mwishowe mama mkwe akaweka kijiko chini katikati ya chakula.

"Tangu hilo zuri liingie, nyumba hii haijasikia wimbo hata nusu. Mkwe wangu, hulipendi?"

"Mama!" mkewe akasema.

"Mwache aseme. Ana mdomo."

Mashoto akatafuna taratibu, akameza, akasema yote. Kwamba alijifunza kinyume. Kwamba kwake yeye kinyume ndiyo sawa, na sawa ndiyo kinyume. Kwamba alijaribu kuzihamisha nyuzi za gitaa jipya, zikapiga kelele kama nzi ndani ya kopo, kwa kuwa mifereji inayozishika imechongwa kwa unene wa kila uzi.

Mkewe akasogeza sahani pembeni. Halafu akasema, "Kwa hiyo miaka ishirini na miwili nimekuonea huruma bure?"

"Sikujua kama unanionea huruma."

"Nilikuwa nakuonea kila jioni!" Akaanza kukasirika, hasira ikamponyoka, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Kesho yake Mashoto akapiga simu dukani.

"Gitaa lina kasoro gani?" akauliza karani.

"Halina kasoro."

"Limevunjika?"

"Hapana. Ni zuri mno."

"Sasa unalirudisha kwa nini?"

"Mimi ni mashoto."

"Na hilo ni la mashoto, mzee."

"Ndiyo maana linanishinda."

Karani akavuta pumzi. "Unataka la kulia?"

"La kulia ninalo."

"Unalipiga kwa mkono gani?"

"Kushoto."

"Subiri kidogo," karani akasema, na Mashoto akasikia kiganja kikiziba simu, kisha kicheko cha watu wasiopungua watatu. Aliporudi, karani alimwarifu kwa sauti ya huzuni kwamba muda wa kurudisha mizigo ulikuwa umepita kwa siku sita.

Gitaa likatundikwa ukutani sebuleni. La mjomba likatoka nyuma ya kabati, nyimbo zikarudi.

Alasiri moja Mashoto alitoka kazini mapema, akasikia mlio kabla hajafungua mlango. Uzi mmoja, kisha wa pili. Akachungulia. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, gitaa la rangi ya asali mapajani, shingo ya gitaa imeelekea kulia, naye anachokoa nyuzi kwa mkono wa kushoto, laini, kama anayetoa mwiba.

"Mama! Wewe ni mashoto?"

Kikongwe akashtuka, akaangalia dirishani, akateremsha sauti. "Shuleni waliufunga mkono huu kwa kitambaa mpaka ukatulia. Usimwambie mke wako. Anajua mama yake ni mtu wa kulia."

Mtu aliyeshindwa kuficha gitaa chini ya blanketi alikuwa ameficha mkono mzima kwa miaka sabini.

Mashoto alitaka kumfundisha, akagundua hawezi, maana vidole vyake vilijua njia nyingine. Ikabidi kuagiza kwa posta kitabu cha wanaoanza, cha mkono wa kushoto. Wakakisoma pamoja, bega kwa bega, na baada ya mwezi mama mkwe alikuwa kurasa tisa mbele. Siku moja mkewe akawafumania. Alikaa chini, akamtazama mama yake mkono ule, akauliza tu, "Na kuandika?"

"Naandika kwa yote miwili," mama akajibu. "Lakini wa kushoto una hati nzuri."

Kwa hati hiyo nzuri akaanza kujaza fomu za katalogi mwenyewe. Ukaja mkanda wa begani, ukaja mrefu, akaliandikia duka barua ya kurasa mbili. Kikaja kigoda cha kuwekea mguu. Mfanyakazi wa posta akawa anamsalimia kwa kumuita msanii, naye haoni aibu kuitikia.

Wiki iliyopita mkewe Mashoto alikuta sanduku gumu jeusi lenye kufuli mbili, limeziba njia ya kuingilia jikoni.

"Mama, na hili la nini? Gitaa linakaa ukutani."

"Siku nikialikwa," mama akasema, akijaribu ufunguo, "unataka nilibebe kwenye mfuko wa viazi?"