Dawa Yangu ya Kipandauso

Sisi Waarusha samaki hatuli. Kwetu huyo ni nyoka wa majini. Basi mimi, karani wa bomani kwa Bwana DC, nilimlaumu jirani yangu Mzee Salimu, mtu wa Tanga, kwamba samaki anaokaanga ndio wanaoniletea kipandauso.

Nesi wa misheni akanipa chupa ya mafuta, kijiko kimoja kila asubuhi. Yalinuka vibaya, lakini dawa ni dawa, na kichwa kikatulia.

Jumapili nikaenda kumtambia mzee, nikanywa kijiko changu mbele ya wageni wake.

“Shikamoo, mzee. Nimepona bila kugusa uchafu wako.”

Akainusa chupa, akatabasamu.

“Marahaba, mwanangu. Haya ni mafuta ya ini la samaki.”

Kijiko nilikuwa bado nakilamba.