Siku Mpiga Gitaa Alipokuja Genkuru

Juzi nilikuwa Mugumu kwa fundi, nasubiri cherehani yangu, kijana wa duka la jirani akafungulia wimbo kwenye simu. Gitaa lilipoanza kukimbia, nilishika benchi. Ndugu yangu, unajua jinsi wimbo unavyoweza kukukuta hujajiandaa. Papo hapo nikawa tena kijijini Nyansurura kwa bibi, mtoto wa darasa la nne.

Tulikuwa wawili tu nyumbani. Mama alifariki nikiwa sijajua kusema, na baba alikuwa machimboni Genkuru, kama wanaume wengi wa miaka ile. Dhahabu iliwaita, ng'ombe wakaachiwa wanawake. Asubuhi nilikamua, nikachota maji, nikaenda shule. Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda, kila mtu upande wake wa moto, na nyumba ilikuwa kimya mno.

Ndiyo maana tuliipenda redio ya kaseti aliyoiacha baba. Humo tulimsikiliza mwenye wimbo ule, mpiga gitaa mmoja aliyejulikana mkoa mzima wa Mara. Alitunga kama kuku anavyotaga: dume la ng'ombe lililovuka mpaka wa Sirari bila kibali lilipata wimbo, mwalimu aliyeogopa bata akapata wake. Watu walisema ana vituko. Huvaa koti la mvua wakati wa kiangazi, hupiga akiwa na kiatu kimoja ili mguu wa pili uisikie ardhi, na kabla ya kuanza huliamkia gitaa lake shikamoo. Bibi alisema mtu wa namna hiyo ama ana kipaji ama amerogwa, na yeye hana haja ya kujua ni kipi.

Betri zetu zilikuwa kuukuu. Tuliziuma kwa meno, tukazianika juani pembeni ya mtama, na zilipochoka kabisa gitaa lilikokota miguu, sauti ya yule bwana ikawa nzito kama ya mzee wa ukoo akitoa laana. Hivyo ndivyo tulivyomjua. Nilisaga nikiimba naye polepole, na jiwe la kusagia lilikwenda mwendo huohuo.

Kisha ikaja habari kwamba angepiga uwanja wa shule kule Genkuru, Jumapili baada ya ibada. Baba akatuma neno kupitia jirani yetu, muuza mitumba: "Mleteni binti. Nitamsubiri getini, tumwone pamoja." Wiki ile nililala kwa shida. Nilifua gauni langu la ibada, likakauka, nikalifua tena. Kusema kweli sikujua ninachokitaka zaidi, gitaa au baba. Mwaka mzima sikuwa nimemwona.

Tulikwenda na lori la mnadani, bibi mbele, mimi na jirani nyuma kati ya marobota. Getini hapakuwa na baba.

"Atakuja, mjukuu wangu," bibi alisema. "Machimbo hayana saa." Tukaingia.

Mpiga gitaa akatokea na koti lake la mvua, mguu mmoja peku, akaliamkia gitaa, watu wakacheka. Halafu akapiga. Vidole vilikwenda kasi hata bibi akanishika bega.

"Huyu si mwenyewe," alisema kwa uhakika. "Wametuletea mwingine. Yule wetu anapiga taratibu."

Jirani alicheka hadi akachuchumaa. "Mama, yule wenu alikuwa anaishiwa betri."

Bibi alinuna. Nilitamani sana baba angekuwepo asikie hilo.

Ndipo akatusogelea mchimbaji aliyefanya kazi na baba. "Shikamoo, mama. Kwani hamkuambiwa? Kumetokea rashi upande wa Kahama, kila mchimbaji anakimbilia huko, dhahabu iko juujuu. Wenzake walipakia juzi, na yeye akapanda."

"Marahaba," bibi alisema. "Atarudi."

Hakurudi. Bibi alimngoja hadi alipofariki, nami sijui niliacha kungoja lini. Mpiga gitaa naye ameshakufa, na vijana wanaocheza nyimbo zake hawajui hata jina lake. Ila watu wa rika langu bado husimulia siku ile: alivyoliweka gitaa kisogoni akapiga bila kukosea, alivyolia mwenyewe kwenye wimbo wa mwisho. Huniuliza kama nakumbuka, kwa kuwa wanajua nilikuwepo. Naitikia tu. Hayo yote sikuyaona. Nilikuwa nimeligeuzia jukwaa mgongo, natazama geti.