Cheo cha Gaëtan kwa Kiingereza

Maïwenn Le Goff hutafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza vyeo vya watengenezaji wa vipindi vya televisheni, na hatafsiri cheo mpaka amwone mwenye cheo hicho akiwa kazini. Mkubwa wake ofisini Saint-Denis, karibu na Paris, humcheka: "Si ufungue kamusi tu, mama?"

Tamthilia aliyoifanyia kazi Gaëtan, mmoja wa watengenezaji hao, ilipouzwa Uingereza, kamusi ilikitafsiri cheo chake cha Kifaransa kuwa msimamizi wa jukwaa. Maïwenn akaenda kumtazama. Alimkuta mtaani akimbembeleza mwoka mikate azime feni wakati wa kurekodi, huku akimpa kahawa bibi aliyefungiwa njia.

"Dada, usije ukaniandika mgawa kahawa," Gaëtan alitania, lakini uso ulikuwa na wasiwasi. "Binti yangu ameolewa Leeds, huko huko Uingereza. Wakwe zake hawajui nafanya kazi gani."

"Na jukwaa lako liko wapi?"

"Jukwaa gani? Mtaa huu wote leo ni wangu!"

Maïwenn akaandika kwa Kiingereza: msimamizi wa maeneo ya kurekodia.

Tamthilia ilipoonyeshwa Uingereza na cheo cha Gaëtan kikatokea kwenye skrini, binti yake alimpigia simu, wakwe wakishangilia nyuma yake. "Baba, kumbe mtaa mzima unakusikiliza wewe!"

Gaëtan alipomsimulia, Maïwenn alirudi nyumbani kifua mbele, ingawa jina lake halikuwemo kwenye skrini.