Mnazi Kwenye Mkoba wa Posa

Jamani, chekeni mmalize kabisa, maana Kinondo nzima imeshacheka na aibu yenyewe nimeshaizoea. Mdogo wangu Hamisi alitaka kumwoa Mwanasha, na kwa kuwa baba yetu amefariki, mimi kaka mkubwa, mwenye busara zangu (nilijipa mwenyewe), ndiye niliyechaguliwa kupeleka posa pamoja na mjomba.

Asubuhi ile nikazunguka kwanza Kikoneni kwa mgema, kuonja tu, kwa sababu mimi si mlevi, mimi huonja, ila huonja kila siku, nikaonja glasi tatu za kulainisha ulimi, kisha nikajaza chupa ya soda ya kunisindikiza wakati wa kurudi. Sasa, kila mtu wa kwetu anajua mnazi mbichi, pombe hiyo ya mgema, hauzibwi, maana huendelea kuchacha na kufura, huachiwa kizibo kilegee upumue, lakini mimi niliogopa harufu, nikakikaza kizibo kwa nguvu zangu zote, nikaificha chupa mkobani chini ya barua ya posa, nikapanda bodaboda, na yale mashimo ya barabarani yakaitikisa mpaka Kinondo kwa kina Mwanasha, ambako mjomba alikuwa akinisubiri. Akili nyingi, si mchezo.

Mzee Bakari, baba yake Mwanasha, alitupokea kwa kahawa na tende. Halafu akasema polepole, "Mimi sina masharti mengi. Kijana wangu mkubwa nimemzika kwa sababu ya ulevi. Nataka kujua tu, wanangu, nyumbani kwenu pombe inaingia?"

Mwenye haya angenyamaza. Mimi (karafuu ya tatu mdomoni, kuficha pumzi) nikasema, "Wallahi, mzee, kwetu hata harufu yake hatuijui."

"Alhamdulillahi. Basi lete barua."

Nikafungua zipu, nikaivuta barua, chupa nayo ikasogea. Kizibo kikafyatuka, paa! Kikampiga mjomba kidevuni, povu likanilowesha mimi, likalowesha barua, likamwagikia msala wa mzee uliotandikwa kungoja adhuhuri. Chumba kizima kikanuka kilabu cha pombe.

"Ni... ni maji ya madafu," mjomba akasema.

Mzee Bakari hakufoka. Laiti angefoka! Aliiokota barua ikitiririka, akanirudishia kwa mikono miwili. "Hamisi sina ubaya naye," akasema. "Lakini binti yangu simpeleki kwenu." Nyuma ya pazia nikasikia Mwanasha akilia.

Hamisi hajaonja pombe hata tone moja maishani mwake. Alikuwa akitusubiri nyumbani Msambweni, na mimi ndiye niliyepaswa kumweleza, huku bado nikinuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole na safari, kaka," akaingia chumbani akafunga mlango.

Mwanasha ameolewa na mtu mwingine, kijijini Jego. Mimi mnazi nimeacha, si kuonja, si kunusa, wala sipiti tena njia ya kwa mgema. Hamisi ananiamkia kila asubuhi, shikamoo kaka, kwa heshima zote, ila hajanituma tena nimsemee jambo lolote.