Mkebe wa Githongo

Watu waliohamia Noonkopir juzi, mji wetu wa Kitengela ukiwa tayari umejaa maghorofa, hawaamini nikiwaambia kwamba zamani mtaa huu uliamshwa na mashine moja. Ilikuwa ya kisiagi cha Githongo, alikosagia watu mahindi. Mimi Mutindi nilikuwa nauza mkaa mlango wa pili, kwa hiyo habari zake sikusimuliwa.

Githongo alikuja na injini yake ya dizeli kutoka Limuru mwanzoni mwa miaka ya tisini. Injini ilikuwa na sailensa, lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi linalopunguza kelele. Aliitoa siku ya kwanza. Wateja wake wengi walikuwa kina mama wa Kimaasai waliokaa mbali huko mbugani, na hakuna mtu anayepakia punda mahindi na kufunga safari bila kujua kama kisiagi kimefunguliwa. Basi wenye visiagi walikuwa na desturi yao. Unatoa sailensa, unafunga mkebe mdomoni mwa bomba, na kila moshi unapotoka mkebe unalia. Mama akiwa kwake anausikia na kujua kwamba leo kunasagwa. Mkebe ndio uliokuwa kibao cha biashara, na wa Githongo, kwa jinsi alivyopenda sifa, ulikuwa mkubwa kuliko wote.

Alisimama karibu na injini hiyo kutwa nzima, nyusi nyeupe kwa unga, akiongea na wateja kwa mikono. Nilimwambia atie pamba masikioni. Alinicheka, akasema fundi asiyeisikia mashine yake ataiua.

Jioni akishazima injini, mkewe Rahab alimletea chai. Rahab ana sauti ndogo, kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Walikaa juu ya magunia matupu akamweleza mambo ya siku nzima: nani amejifungua, binti yao Judy amesema nini shuleni, kuku gani ameanza kula mayai yake. Githongo alikuwa mkali kama pilipili, lakini saa hiyo alikuwa mtu mwingine kabisa. Niliwaonea wivu, siwezi kukataa. Mume wangu hakujua hata kama tunafuga kuku.

Baada ya zile mvua kubwa za El Niño, nilianza kumwona Githongo akirudi kisiagini wakati amekwisha kufunga, akiishika injini kwa kiganja. Injini ilikuwa imezimwa. Alituuliza kama tunasikia kitu kikilia, tukasema hapana. Kumbe mlio ulikuwa ndani ya masikio yake, mwembamba, hauna kituo, kama birika ambalo hakuna mtu wa kuliondoa motoni. Mchana mashine iliufunika. Kukitulia, ulimvamia. Alikosa usingizi, akagombana na Rahab, akagombana na mimi, akagombana hata na jogoo. Mtaa ulimpa dawa zake zote, mafuta ya uvuguvugu, vitunguu saumu, maombi, na mlio ukabaki palepale.

Mwishowe Rahab alimpeleka kwa daktari wa masikio Nairobi. Daktari aliwaambia ukweli: mlio huo hauna dawa ya kuuondoa, lakini mtu huweza kuuzoea, hasa asipokaa kwenye kimya kabisa, aweke redio ya chini, afungue dirisha. Kisha akamwonya. Kelele ikiendelea, hata usikivu uliobaki utaenda, na sauti nyembamba ndizo huanza kwenda, za ndege, za watoto, za wanawake.

Kesho yake Githongo alirudisha sailensa. Nilimwona kwa macho yangu, na nilifurahi. Mkebe aliutupa nyuma ya nyumba.

Wiki haikuisha. Wateja walipungua mpaka Rahab akawa anafagia sakafu isiyo na unga. Ndipo alipofika mzee Saning'o, ambaye wake zake walisaga hapo tangu zamani.

“Wamama walingoja ile sauti,” alimwambia Githongo. “Hawakusikia kitu. Wakasema umefunga, wakaenda kwa Elphas.”

Elphas alikuwa amefungua kisiagi chake upande wa pili wa mji, na jina hilo tu lilitosha kumchafua Githongo roho. Alizunguka nyumba akautafuta mkebe. Rahab akasimama mbele ya injini. Sikuwa nimewahi kumwona akimzuia mumewe kwa lolote.

“Baba Judy, wacha hiyo kitu,” alisema. “Tutauza hata mboga.”

“Ni msimu huu tu, Mama Judy. Ukiisha nitautoa.”

Msimu ukazaa msimu mwingine. Inaniuma hadi leo, kwa sababu mboga zingetosha. Wengi wetu tuliishi kwa mboga na hatukufa.

Mkebe ulilia mpaka stima ilipofika mtaani kwetu na Githongo akanunua mota ya umeme. Mota haina kelele nyingi, na ule mlio wa masikioni mwake ukabaki bila kitu cha kuufunika. Hapo ndipo alipoanza kufuata maneno ya daktari. Alilala redio ikinong'ona kando ya kitanda, akakaa nje penye upepo, akaacha kuusikiliza kwa hasira. Siku nyingine alisema hata ameusahau. Tukadhani amepona.

Na kila jioni Rahab alileta chai, akasimulia, naye akaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Jioni moja nilikuwa nimekaa nao. Rahab alikuwa akieleza habari za kuku, na bila kubadilisha uso wala sauti akasema:

“Na kesho nitaenda kwetu Limuru, na sitarudi tena.”

Githongo akaitikia kwa kichwa. “Hiyo ni vizuri, Mama Judy.”

Rahab akaangalia kikombe chake. Mimi mdomo wangu haujui kungoja. Nikamrudishia mzee maneno hayo kwa sauti yangu nene ya sokoni. Uso ulimshuka. Rahab akamshika goti, akamtolea ishara kwamba haendi popote, alikuwa anampima tu.

“Mutindi namsikia,” Githongo alisema. “Saning'o namsikia. Hata punda nawasikia. Ni wewe tu.”

Rahab akainama mpaka sikioni kwake, akauliza kwa nguvu ambayo sikujua anayo: “Mbona hukuniambia?”

“Niliogopa utaacha kunisimulia.”

Rahab alivuta gunia lake akaketi mbele yake, uso ukielekea mwanga ili mumewe aione midomo yake vizuri, akaanza upya, polepole, tangu kuku.