Anayezima Pikipiki

Violeth alikuja Ifakara kwa mkutano wa wataalamu wa mpunga, na mji wote aliuona akiwa nyuma ya dereva mmoja wa bodaboda. Hakuwahi kumuuliza jina. Alimjua kwa kisogo chake kilichonyolewa vizuri, kwa koti zito ambalo hakulivua hata jua likiwa utosini, na kwa tabia moja iliyomchelewesha kila asubuhi. Kila alipomwona mzee barazani, alizima pikipiki kabisa, akavua helmeti, ndipo akasalimia. "Shikamoo haisemwi juu ya mlio wa injini, dada," alimwambia, kisha akapiga kiki upya.

Siku ambayo mada ya Violeth ilikuwa ya kwanza, walipita mtaa wa Lumemo wakiwa wamechelewa tayari. Dereva akazima mbele ya nyumba ya bibi mmoja anayemfahamu, mlango ukiwa umefungwa. "Shikamoo, bibi." Kimya. Violeth akatazama saa, akaguna. Dereva akarudia kwa sauti ya chini zaidi, kiganja chake kimetulia juu ya tangi kama anayemtuliza ng'ombe. Hakuwasha. Violeth naye akajikuta anautazama ule mlango, mkutano umemtoka kichwani. Ndipo kikasikika kikohozi, kisha sauti nyembamba: "Marahaba, baba. Leo umembeba nani?"

Dereva aligeuka, akamtazama abiria wake, akangoja.

Violeth akavua helmeti. "Shikamoo, bibi."